Nia ya Mkosaji na Ulimi wa Mtetezi: Tahakiki ya Mawazo ya Aristotle Juu ya Dhuluma

Kitabu cha Aristotle juu ya balagha hutajwa mara nyingi katika masomo ya fasihi, lakini husomwa vipandevipande. Anayefundisha mtindo hukimbilia sehemu ya tatu, penye sitiari na mpangilio wa maneno; anayefundisha tabia za watu hukimbilia ya pili, penye hasira, huruma, hofu na husuda. Sura za 10 hadi 15 za sehemu ya kwanza zimebaki kama shamba la mpakani ambalo kila jirani hudhani ni la mwenzake. Humo ndimo Aristotle anamofundisha kushtaki na kujitetea, na ili afundishe hayo anauliza maswali matatu: watu hudhulumu kwa visababu gani, wakiwa katika hali gani wenyewe, na huwadhulumu watu wa namna gani.

Msomaji wa haraka huliona swali la kwanza tu, kwa kuwa ndilo lililopewa orodha nzuri ya visababu saba, na mengine mawili huyapita kama nyongeza. Tahakiki hii inashikilia kinyume chake. Orodha ya visababu saba ni chombo cha msemaji, nacho kina kasoro zitakazoonyeshwa hapa chini. Jambo zito limo katika sura ya 12, ambamo mwalimu wa balagha anakiri, tena kwa maneno machache, ya kwamba ufasaha wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayompa mtu ujasiri wa kudhulumu. Akiisha kukiri hivyo, anaendelea na somo lake kana kwamba hakusema lolote.

Kabla ya kuingia ndani, hapana budi kukumbusha mahakama ya Athene ilivyokuwa katika karne ya 4 K.K. Haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali kwa kesi za kawaida, wala hakimu msomi wa kuwaongoza waamuzi. Kila mwaka raia 6000 waliotimiza umri wa miaka 30 waliapishwa, na kutoka kwao walipatikana waamuzi wa kila kesi: 201 au 401 kwa madai ya watu binafsi, 501 au zaidi kwa mashtaka ya umma. Mlalamikaji na mshtakiwa walisimama wenyewe na kusema kwa muda uliopimwa kwa maji yaliyotiririka kutoka katika chungu. Asiyeweza kutunga hotuba alimlipa mtungaji, akaikariri. Waamuzi hawakukaa faraghani kushauriana. Walisikia pande mbili, wakapiga kura ya siri, mambo yakaisha. Mahali kama hapo, nia ya mtu haikuwa jambo la kuchunguzwa na wapelelezi. Ilikuwa jambo la kusimuliwa, na aliyeisimulia vizuri zaidi ndiye aliyeaminiwa.

Mfasiri anayetaka kuzihamisha sura hizi katika Kiswahili hukutana na taabu tangu neno la kwanza. Aristotle anatumia kitenzi adikein, na anakieleza kuwa ni kudhuru kwa hiari kinyume cha sheria, iwe sheria ya pekee iliyoandikwa na kila mji, au ile ya wote, isiyoandikwa, ambayo watu wanaonekana kukubaliana nayo popote. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo. Uhalifu watokana na kuhalifu, yaani kwenda kinyume cha amri. Humtazama mkosaji na sheria, na aliyeumizwa hayumo. Jinai ni neno la mahakamani. Dhambi humpeleka mtu mbele ya Mungu. Dhuluma peke yake humdai mtendwa, kwani hakuna adhulumuye hewa: kuna yatima aliyedhulumiwa, kuna mjane, kuna kibarua. Kitenzi cha Kigiriki nacho huchukua shamirisho ya mtu vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo dhuluma ndilo linalofaa, hata kama masikioni mwa wanasheria wa leo linasikika kuwa la mashairi kuliko la hukumu.

Neno la pili lina neema na mtego. Katika sura ya 13 Aristotle anatenga namna tatu za madhara. Ya kwanza ni msiba, yaani dhara ambalo halikuweza kutazamiwa wala halikutokana na ubaya wa moyo. Ya pili ni kosa, lililoweza kutazamiwa lakini halikutokana na ubaya. Ya tatu ni dhuluma, iliyotazamiwa na kutokana na ubaya. Neno la katikati kwa Kigiriki lahusiana na kitenzi kinachomhusu mpiga upinde aliyepitisha mshale kando ya shabaha. Kiswahili nacho kina kitenzi hicho hicho kimoja: mtu hukosa shabaha, hukosa njia, hukosa adabu. Yaonekana kana kwamba lugha mbili zilizoishi mbalimbali zilikutana katika taswira moja. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Aliyemkanyaga mwenzake mguu bila kukusudia na aliyekula mali ya mayatima kwa makusudi, wote wawili husimama mbele ya wazee na kusema, "Nimekosa." Neno moja limefunika mpaka ambao Aristotle alijitahidi kuuchimba. Mfasiri akiandika kosa kila mahali, atakuwa amemtetea mshtakiwa kabla ya kesi kuanza.

Mpaka huo una kazi kubwa, kwa maana juu yake Aristotle anajenga maelezo yake ya insafu, ile haki inayosahihisha ukali wa sheria iliyoandikwa. Mwenye insafu, asema, huwasamehe binadamu mambo ya kibinadamu. Hutazama alichokusudia mtunga sheria kuliko herufi alizoandika, alichokusudia mtenda kuliko tendo lilivyotokea, na mtu alivyokuwa maisha yake yote kuliko alivyo siku hiyo moja. Ni kurasa chache, lakini ni miongoni mwa zilizo bora katika kitabu kizima, na yeyote asemaye kwamba Wagiriki walijua sheria kavu tu hajazisoma.

Sasa orodha ya visababu. Kila binadamu atendalo, kwa maelezo ya sura ya 10, latokana na mojawapo ya mambo saba: bahati, maumbile, shuruti, mazoea, hesabu ya akili, hasira, na tamaa. Matatu ya kwanza hayamo katika uwezo wa mtenda. Manne ya mwisho ni yake mwenyewe. Ubora wa orodha hiyo ni kwamba msemaji yeyote aweza kuitumia papo hapo. Mtetezi atalivuta tendo kuelekea upande wa kwanza: alisukumwa, alilazimishwa, ilitokea tu. Mshtaki atalivuta upande wa pili: alikaa akapiga hesabu. Mazoea yako katikati, na kila upande waweza kuyadai, kwani anayetenda kwa mazoea hatendi kwa kufikiri, ila mazoea aliyajenga mwenyewe siku baada ya siku. Wagiriki walilijua vizuri suala hilo kutokana na ulevi. Pittacus wa Mytilene aliweka sheria ya kumwadhibu mlevi zaidi ya asiyelewa, na Aristotle anaitaja katika kitabu cha Siasa. Hoja kama hiyo anaikubali katika kitabu chake cha Maadili, kwa kuwa chanzo cha kutojua kwake mlevi kimo ndani ya mlevi mwenyewe.

Penye ugomvi mkubwa ni pale Aristotle anapokataa kuviingiza umri, mali na ufukara katika orodha. Kijana akipiga, hapigi kwa ujana bali kwa hasira. Maskini hutamani fedha kwa sababu hana. Tajiri hutamani anasa zisizo za lazima kwa sababu anaweza. Lakini wote wawili hutenda kwa tamaa, na ufukara au utajiri ni jambo lililoandamana tu na tendo. Kauli hiyo yapingana waziwazi na ile ya mzee Cephalus katika mwanzo wa Jamhuri ya Plato. Mzee huyo tajiri wa Piraeus anamwambia Socrates kwamba faida kubwa ya mali, kwa mtu mwema, ni kumwezesha asimdanganye mtu bila kupenda, wala asiondoke duniani akiwa na deni la sadaka kwa miungu au la fedha kwa wanadamu. Mzee anakiri, kwa upole wa mtu aliyeshiba, ya kwamba asiye na kitu hulazimika kufanya mambo ambayo mwenye kitu halazimiki.

Nani kati yao ana haki? Aristotle ana haki nusu. Anaondoa silaha moja mbaya mikononi mwa matajiri. Katika hotuba za mazoezi zilizohifadhiwa kwa jina la Antiphon, mshtakiwa wa kesi ya mauaji anajitetea kwa kuorodhesha kodi alizolipa na huduma za jiji alizogharamia, na kwa kuonyesha kwamba mwenye mali nyingi ana mengi ya kupoteza, hivyo si wa kutiliwa shaka. Ikiwa mali si kisababu cha wema, wala ufukara si kisababu cha uovu, hoja hiyo yaanguka. Na katika kitabu cha Siasa, anapomhakiki Phaleas wa Chalcedon, aliyefikiri kwamba raia wakigawanyiwa ardhi sawasawa uovu utapungua, Aristotle anatoa jibu lenye nguvu: wapo wanaoiba kwa baridi na njaa, na dawa yao ni mali kidogo na kazi, lakini dhuluma zilizo kubwa kabisa hutokana na kupita kiasi, kwa maana hakuna mtu aliyejifanya mtawala wa mabavu ili asione baridi. Ndiyo sababu, anaongeza, heshima kubwa hupewa aliyemwua mtawala wa mabavu, wala hazipewi aliyemwua mwizi.

Nusu ya pili ndiyo iliyomponyoka. Katika Siasa anakubali waziwazi kwamba njaa humfanya mtu aibe na kwamba kazi yamwondolea sababu. Katika Balagha njaa hiyo hiyo imemezwa na neno tamaa, na aliyeiba mkate amewekwa kapu moja na aliyepora kwa ajili ya karamu. Mtu mmoja, vitabu viwili, majibu mawili. Ufafanuzi wa karibu ni kwamba katika Siasa anasema na mtunga sheria, ambaye aweza kugawa ardhi na kazi, na katika Balagha anasema na msemaji, ambaye hawezi kugawa chochote isipokuwa lawama. Ufafanuzi huo wasaidia kuelewa, hauiponyi orodha. Insafu ya sura ya 13 ingekuwa na nguvu zaidi kama sura ya 10 ingeacha mlango wazi kwa mhitaji.

Pana kisababu kingine kisichoonekana katika orodha ya saba, nacho ni neno lenyewe. Hapo yafaa kurudi nyuma kwa Gorgias wa Leontini, aliyefika Athene mwaka 427 K.K. akiwa mjumbe wa mji wake na kuwashangaza watu kwa usemi. Katika hotuba yake ya kumtetea Helen, yule mke aliyesababisha vita vya Troy, anadai ya kwamba alikwenda kwa mojawapo ya njia nne: kwa amri ya miungu na bahati, kwa kutekwa kwa nguvu, kwa kushawishiwa na maneno, au kwa kushikwa na mapenzi. Katika zote nne, Helen hana hatia. Neno, kwa Gorgias, ni mtawala mkubwa mwenye mwili mdogo usioonekana. Aliyeshawishiwa ni sawa na aliyelazimishwa, na mkosaji ni aliyeshawishi. Mwishoni anaiita hotuba yake mchezo. Ni mchezo wenye meno, kwa kuwa ikiwa aliyeshawishiwa hana hatia, basi nao waamuzi waliomwua mtu asiye na kosa kwa kushawishiwa hawana hatia, na hatia yote imemwangukia mwalimu wa balagha. Gorgias hakuifuata hoja yake hadi huko.

Plato aliifuata. Katika mazungumzo aliyoyapa jina la Gorgias, kijana Polus anamtaja Archelaus wa Masedonia, aliyemwua ami yake na mwana wa ami huyo, kisha akamtupa kisimani nduguye wa baba mmoja, mtoto wa miaka saba, akapata ufalme. Naye Polus anauliza nani hangependa kuwa Archelaus. Socrates anajibu kwamba kudhulumu ni kubaya kuliko kudhulumiwa, na kudhulumu bila kuadhibiwa ni kubaya kuliko yote, kwa maana adhabu ni dawa ya nafsi, na anayeikwepa ni kama mtoto anayemkimbia tabibu kwa kuogopa moto na kisu. Kwa hiyo balagha ina kazi moja tu njema: mtu ajishtaki mwenyewe na jamaa zake kwanza. Msomaji acheke au asicheke, Plato hakutania.

Lakini mafundisho hayo yana udhaifu wake. Plato anashikilia kwamba hakuna atendaye dhuluma kwa kupenda, na katika kitabu cha tisa cha Sheria anataja hasira, raha na kutojua kuwa vyanzo vya makosa. Mkosaji ni mgonjwa. Aliyedhulumiwa je? Katika hoja ya tabibu na mgonjwa hana nafasi. Nafsi ya Archelaus inashughulikiwa kwa uangalifu kuliko mtoto aliye kisimani. Aristotle, kwa kuingiza neno hiari katika maana ya dhuluma na kwa kuuliza ni nani anayedhulumiwa, amemrudisha mtoto huyo katika kesi, na hapo amempita mwalimu wake.

Hivyo tunafikia sura ya 12. Mtu hudhulumu, yasema, anapodhani jambo lawezekana na lawezekana kwake: kwamba hataonekana, au akionekana hataadhibiwa, au akiadhibiwa hasara itakuwa ndogo kuliko faida. Ni nani hasa wenye dhana hiyo? Aristotle anawataja pamoja: wenye uwezo wa kusema, watu wa vitendo, waliozoea kesi nyingi, wenye marafiki wengi, na matajiri. Anaongeza wale walio marafiki wa waamuzi, kwa kuwa waamuzi huwapendelea rafiki zao, ama kwa kuwaachilia kabisa ama kwa kuwatoza kidogo. Kisha anawageukia wanaodhulumiwa. Ni wasio na marafiki. Wasio na tahadhari. Wenye haya, ambao hawapendi kugombana kwa ajili ya mali. Waliokwisha kudhulumiwa na wengi bila kushtaki. Wasiojua kusema wala kutenda. Na wale ambao hawana muda wa kungoja hukumu, kama vile wageni na watu wanaoishi kwa kazi ya mikono yao, kwani hao hukubali kusuluhishwa kwa kidogo na kunyamaza upesi.

Orodha hizo mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu, jambo moja latokeza. Uwezo wa kusema unaongoza safu ya wanaodhulumu, na ukosefu wake umo katika safu ya wanaodhulumiwa. Kisababu cha dhuluma, kwa sura hii, hakimo ndani ya moyo wa mtu peke yake. Kimo katika umbali uliopo baina ya watu wawili watakaosimama mbele ya waamuzi. Hasira na tamaa wanazo wote. Tumaini la kutoadhibiwa hawana wote. Hakuna mahali pengine katika kitabu ambapo Aristotle amekaribia hivyo kukubali shtaka la Plato, na amefanya hivyo kwa kuhesabu tu, bila kupaza sauti.

Pana pengo, na haifai kulifunika. Mtumwa hayumo katika orodha ya wanaodhulumiwa, wala mwanamke. Mtumwa hakuwa na haki ya kushtaki kwa jina lake, na ushahidi wake ulikubaliwa kwa kawaida baada ya mateso. Aristotle anayataja mateso katika sura ya 15 pamoja na sheria, mashahidi, mikataba na viapo, na kueleza jinsi ya kuyasifu yakimfaa msemaji na kuyatilia shaka yasipomfaa. Yule asiyeweza hata kuingia mahakamani ameachwa nje ya hesabu ya wasioweza kusema.

Thamani ya sura hizi hupimika vizuri kwa hotuba mbili za Lysias, zilizotungwa miongo mingi kabla ya kitabu chenyewe. Ya kwanza ni ya Euphiletus, aliyemkuta mtu aitwaye Eratosthenes na mkewe chumbani usiku, akamwua mbele ya majirani. Jamaa za marehemu walidai kwamba alimtega. Hotuba ya utetezi inakwenda kwa utulivu wa mtu wa kawaida: nyumba ndogo ya ghorofa, mtoto anayelia, mlango uliolia usiku. Karibu na mwisho mshtakiwa anazitaja nia zote ambazo mtu angeweza kumdhania, na kuziondoa moja moja: hakuwa na ugomvi wa zamani na marehemu, hawakuwahi kushtakiana, hakuwa na siri aliyoogopa ifichuliwe, hakutazamia kupata fedha. Nia zote zikiisha kuondoka, inabaki sheria peke yake, na mwuaji anaonekana kama mkono wa sheria ya mji. Hiyo ndiyo sura ya 10 ikitumiwa kinyumenyume. Hasira, ambayo ndiyo nia iliyo dhahiri kuliko zote, haikupewa nafasi katika orodha ya Euphiletus. Ustadi wa Lysias umo hapo, na msomaji asiyeijua orodha ya Aristotle hawezi kuona kilichofichwa. Aidha, katika hotuba nzima mke hana jina, na kijakazi aliyetoa habari alitishwa kwanza kwa mijeledi na kazi ya kinu.

Hotuba ya pili ni ya Lysias mwenyewe. Yeye hakuwa raia. Alikuwa mgeni mkaazi, mwana wa yule yule Cephalus wa Piraeus. Mwaka 404 K.K. watawala Thelathini waliposhika Athene, wawili kati yao walitoa shauri la kuwakamata wageni wakaazi kwa kisingizio kwamba wanaichukia serikali. Kwa kweli ilitakiwa fedha. Wakaamua kuwakamata kumi, na miongoni mwao wawili wawe maskini, ili ikiulizwa wapate kujibu kwamba hawakutenda kwa ajili ya mali. Sentensi hiyo ya Lysias yatosha kuwa somo zima. Watawala hao walijua, kabla ya Aristotle kuandika, ya kwamba watu hutafuta nia ya tendo. Kwa hiyo walitengeneza nia ya uongo na kuigharamia kwa uhai wa watu wawili wasio na kitu. Ufukara, ambao katika Balagha si kisababu cha kudhulumu, hapa umekuwa sababu ya kudhulumiwa.

Lysias aliponea mlango wa nyuma wa nyumba ya mtu aliyemfahamu. Polemarchus, kaka yake, alikamatwa njiani na kunyweshwa sumu bila hata kuambiwa kosa lake. Katika kiwanda chao zilichukuliwa ngao 700, na watumwa 120. Mkewe Polemarchus alivuliwa hereni za dhahabu masikioni. Jamaa walikuwa na nyumba tatu, lakini hawakuruhusiwa kumzika marehemu kutoka hata moja, walikodi kibanda. Mwaka 403 K.K., watawala hao walipokwisha kuanguka, Lysias alimshtaki mmoja wao, Eratosthenes, jina moja na yule wa hotuba ya kwanza, aliyejitetea kwamba alitii kwa kuogopa wenzake. Shuruti, angesema Aristotle. Lysias anajibu kwa swali rahisi: mtu aliyekuwa mmoja wa watoa amri alilazimishwa na nani? Ni vema kukumbuka pia kwamba Plato alipotafuta nyumba ya kuwekea mazungumzo yake marefu juu ya haki, aliichagua nyumba hiyo, na Polemarchus ni mmoja wa wasemaji.

Aristotle ana majibu yake kwa shtaka la Plato, nayo yamo katika sura ya kwanza ya kitabu. Kweli na haki, asema, kwa maumbile yake zina nguvu kuliko kinyume chake. Zikishindwa mahakamani, lawama ni ya wasemaji wake. Ni aibu mtu ashindwe kujikinga kwa neno, hali si aibu ndogo kushindwa kujikinga kwa mwili. Na kila kitu chema, isipokuwa wema wenyewe, chaweza kutumiwa vibaya: nguvu, afya, mali, uongozi wa jeshi. Hata anawalaumu walimu waliomtangulia kwa kuwafundisha watu kumvuta mwamuzi kwenye hasira na huruma, akisema ni sawa na kuupinda ufito ambao mtu anataka kuutumia kunyoshea mstari.

Hoja ya pili kati ya hizo ni nzuri kuliko ya kwanza. Ya kwanza yakanushwa na sura ya 12, kwani ikiwa kweli ina nguvu kwa maumbile, kwa nini mwenye ulimi atumaini kuponyoka, na kwa nini mfanyakazi wa mikono asingoje hukumu? Nguvu ya kweli, kwa hesabu ya Aristotle mwenyewe, yategemea muda, marafiki, mazoea ya mahakama, na fedha za kumlipa mtungaji. Tena sura ya 15 yafundisha kwamba sheria iliyoandikwa ikikupinga, uiite ile isiyoandikwa. Ikikuunga mkono, useme hakuna faida ya kuwa na sheria isiyotumiwa. Ufito umepindwa, na aliyeupinda ni yule yule aliyekataza. Hoja ya pili, lakini, yasimama: ikiwa wasiojua kusema ndio wanaodhulumiwa, basi kuwanyima balagha kwa sababu Archelaus anaijua ni kuwaacha pale walipo. Plato hana jibu kwa hilo. Kwa ajili hiyo, anayefundisha sura hizi angefanya vema kuanza na ya 12, na kuirudia ya 10 baadaye, wanafunzi wakiisha kujua orodha ile inatumikia mikono ya nani.

Aristotle mwenyewe alikuwa mgeni Athene, mzaliwa wa Stagira, bila haki ya uraia. Mwaka 323 K.K., habari za kifo cha Alexander zilipofika na chuki dhidi ya Masedonia ikawaka, alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu. Alikuwa na ulimi, alikuwa na wanafunzi, na hakuna mtu katika mji aliyeijua kazi ya kujitetea kuliko yeye. Hakuingoja hukumu. Aliondoka kwenda Chalcis, na huko alifariki mwaka uliofuata.